Bati la Moto Si Sifa

Shangazi yangu hana subira na simu. Akipiga anasema neno moja, anakata. Aprili ya mwaka juzi neno lilikuwa "Mvua!" Ilikuwa saa nane na nusu mchana, mimi niko karakanani hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, nimeshika geti la mtu, na nilielewa yote yaliyobaki. Kule Majanji mukene wake walikuwa juu ya vichanja, wamekauka nusu, na wingu lilikuwa limeshaanza kutembea kutoka ziwani.

Kwa wasomaji wa mbali: mukene ndio dagaa wa Ziwa Victoria. Wavuvi wanawafuata usiku wa giza kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu wanalala majumbani. Alfajiri mitumbwi inarudi, akina mama wananunua kwa beseni, wanaosha, wanatandaza. Siku ya jua kali inatosha kuwakausha. Lakini kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba, jua letu ni la asubuhi tu. Mchana ni wa mvua. Mukene akinyeshewa akiwa nusu mkavu, kesho yake ananuka, na mteja anayebaki ni yule anayesaga chakula cha kuku. Bei unaweza kuikisia.

Jioni ile nilikwenda kumpa pole. Aliniangalia tu. "Wewe unachomelea matajiri mageti. Nichomelee na mimi jua."

Ndivyo nilivyoanza.

Sanduku la kwanza lilikuwa jambo la kujivunia. Urefu mita 2, upana mita 1. Chini plaiwudi, juu yake nafasi ya milimita 30 ya kupitisha hewa, kisha bati tambarare lililopakwa rangi nyeusi, kisha kioo. Pembeni na chini nilishindilia maganda ya mpunga kutoka mashine ya kukoboa, kwa sababu hayauzwi bei na yanazuia joto vizuri. Feni mbili za kompyuta kuukuu zinasukuma hewa ipite chini ya bati, hewa inatoka ya moto, inaingia kwenye kabati la mukene lenye trei nne. Feni zinalishwa na sola ndogo. Jua likiwaka zinakimbia, likififia zinapunguza. Hilo nalipenda mpaka leo, halihitaji mtu wa kuwasha.

Makosa ya kitoto yalikuwepo. Nililiinua sanduku digrii 45 kama nilivyoona kwenye picha moja ya Ulaya, nikasahau kwamba sisi tuko karibu na ikweta na jua la saa sita linatupiga utosini. Digrii 10 au 15 zinatosha, maji ya mvua yateremke na hewa ya moto ipate mwelekeo wa kupanda. Rangi nayo ilikuwa ile ya mageti, inayong'aa, na ilipopata moto ikatoa harufu iliyowaingia mukene wa kwanza. Wakaliwa na paka, tena paka mwenyewe kwa mashaka. Ukipaka, paka rangi isiyong'aa, halafu liache sanduku tupu juani siku kadhaa mpaka harufu iishe.

Kilichonivimbisha kichwa kilikuwa lile bati. Nilibandika waya wa kipimajoto: digrii 88! Nikampigia shangazi, safari hii mimi ndiye niliyepiga: "Bati lina moto wa kukaanga chapati!" Lakini hewa iliyotoka mwisho wa sanduku ilikuwa digrii 43, na nje palikuwa 28. Niliiona hiyo 43, nikaipita.

Karakanani kwangu wakati huo alikuwepo kijana wa chuo, mwanafunzi wa uhandisi aliyeletwa kwa mafunzo ya vitendo. Alikuwa mpole, hajui kushika grinda, lakini hesabu alikuwa nazo. Aliangalia zile namba mbili akaniuliza, "Fundi, tunakausha bati au tunakausha mukene?"

Nilinyamaza kidogo. Nilitaka kukasirika.

Akachukua chaki akanichorea kwenye mlango wa lori uliokuwa umesubiri rangi. Hewa, alisema, ni mbebaji mbovu wa joto. Maji yanapitisha joto ndani yake zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na ukilinganisha ndoo kwa ndoo, maji yanabeba joto kama mara 3,500 ya linalobebwa na hewa. Ndiyo maana sanduku la kupasha maji linafanya kazi hata likitengenezwa ovyo, ila la kupasha hewa linataka akili. Na kuna jambo baya zaidi: hewa inayogusa bati haitembei. Inajibandika pale kama utando mwembamba, inapata moto, inabaki. Hewa inayokimbia katikati ya njia haigusi bati kabisa, inapita na ubaridi wake hadi mwisho.

Sisi wa mpakani hilo tunalielewa bila chaki. Lori la kwanza kwenye foleni likikosa karatasi, linasimama, na yaliyo nyuma yake yote yanalala hapo, hata kama barabara ya pembeni ni nyeupe. Utando ule ndio lori lisilo na karatasi.

Na joto lisilochukuliwa na hewa halikai bure kusubiri. Linarudi juu kupitia kioo. Bati likizidi kuwa la moto kuliko nje, ndivyo linavyozidi kumwaga joto angani. Kwa hiyo zile digrii 88 nilizozitangaza kwa simu zilikuwa kipimo cha hasara yangu. Hapo ndipo nilipogeuka. Tangu siku ile, mtu akinionyesha sanduku la jua akasema "shika uone lilivyo moto," namuuliza hewa inatoka na digrii ngapi, tena kwa wingi gani.

Dawa ni kulikwaza lile tabaka lisijibandike. Watafiti wa India wameshughulika na jambo hili tangu miaka ya 1980: wanaweka vijiti vyembamba upande wa bati unaopitisha hewa, hewa inajikwaa, inavurugika, utando unapasuka. Nikasema hilo ni rahisi, vyuma ninavyo. Nikachukua vipande vya chuma mraba vya milimita 12 vilivyobaki kwenye mageti, nikavipanga kukingama njia ya hewa. Kipimajoto kikasoma 58 pale mwisho! Nikachinja kuku moyoni.

Lakini mukene hawakukauka. Niliweka mkono kwenye tundu la kutokea nikakuta pumzi tu, kama ya mtoto aliyelala. Njia ni milimita 30, mimi nimesimamisha ukuta wa milimita 12 mara kadhaa. Feni za kompyuta zilikuwa zinalia bure. Hewa kidogo sana ilipita, ndiyo maana ilikuwa ya moto sana. Namba ile ile ya kujivunia ilinidanganya mara ya pili. Na ukidhani utaweka feni kubwa ushindane na kikwazo, kumbuka kwamba kuzidisha mwendo wa hewa mara 2 kwenye njia ile ile kunataka nguvu kama mara 8. Sola yangu ndogo ingecheka.

Kijana akaniambia vijiti viwe vifupi, na kati ya kijiti na kijiti nafasi iwe kama mara 10 ya kimo chake. Niliuliza kwa nini 10, sipendi kupewa namba kama dawa. Hewa ikiruka kijiti, alisema, inaanguka tena juu ya bati baada ya umbali wa vimo 6 hadi 8. Pale inapoangukia ndipo inapofuta bati kweli kweli. Ukivibananisha vijiti, hewa inateleza juu ya vichwa vyake kana kwamba ni sakafu. Ukivitenganisha mno, utando unapata muda wa kuota upya. Na ukivipanga kwa umbo la herufi V badala ya mstari mnyoofu, kila mkono ukilala kama digrii 60 na mwelekeo wa hewa, hewa inajizungusha pia kwenda pembeni, na sehemu kubwa zaidi ya bati inafutwa.

Nilikuwa na pakiti mbili za rodi za kuchomelea zilizoingia maji mvua ilipopenya paa. Ganda lake lilikuwa limeoza, hazishiki moto. Unene wa waya wa ndani, milimita 3.2. Nikazigonga nyundo ganda likadondoka, zikabaki fimbo safi za chuma. Safu kila milimita 32, kila safu V mbili ubavu kwa ubavu, rodi nne. Kwa mita 2 zinakuja safu zaidi ya 60. Kuzichomelea kwenye bati jembamba ni kulitoboa, kwa hiyo tulitoboa matundu madogo na kuzifunga kwa waya. Siku tatu, mimi na msaidizi, migongo imepinda. Nilihofia kwamba hazijashikana sana na bati, joto litapitaje? Ila kazi kubwa ya vijiti hivi ni kuikwaza hewa. Joto linatoka kwenye bati lenyewe.

Siku ya kupima shangazi alikuwepo. Jua safi, saa sita. Bati: digrii 67. Limepoa digrii 21. Shangazi alinyoosha kidole karibu na kioo akasikitika. "Umeliharibu. Moto umepungua." Nikamshika mkono nikaupeleka kwenye tundu la kutokea. Hewa ilikuwa digrii 50, na bado inapuliza, imepungua kidogo tu. Hakusema kitu. Aliuacha mkono pale, akageuza upande wa pili, kama mtu anayeota moto. Kwa hesabu ya kijana tulikuwa tunapata kama wati 600, sasa tunapata kama 850, kwa jua lile lile, kioo kile kile, na pakiti mbili za rodi zilizokuwa zinakwenda jalalani.

Sasa mawe.

Kila mtu anayejenga sanduku la jua anafika kwenye mawe, kama kila mlevi anavyofika kwenye siasa. Wazo linavutia: mchana yanywe joto, jioni yateme. Lina historia pia. George Löf alijenga nyumba Denver, Marekani, mwaka 1957, ikapashwa kwa hewa ya jua na joto likawekwa kwenye kokoto. Nami nikaokota mawe ya ukubwa wa yai, kilo 150, nikayaosha, nikayaweka ndani ya boksi lenye maganda ya mpunga pembeni, kati ya hita na kabati. Ukubwa una maana yake: kokoto ndogo zinaziba hewa, mawe makubwa yanapata moto nje huku tumbo likibaki baridi.

Siku ya kwanza, saa tano asubuhi, kabati lilikuwa vuguvugu. Saa sita vuguvugu. Mawe yalikuwa yanakula kwanza, mukene wanasubiri mezani. Kwenye nchi ambayo mvua inafika saa tisa, mtu anayekuibia asubuhi amekuibia siku nzima. Nilikuwa nimenunua jioni kwa kuuza asubuhi, na sikuwa nimeuliza bei.

Nikakaa chini na kijana tukapiga hesabu ambayo ningeipiga kabla ya kubeba mawe. Kilo moja ya jiwe inahifadhi kama kilojuli 0.84 kwa kila digrii. Kilo 150, zikipanda digrii 20, ni kama kilojuli 2,500. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunataka kama kilojuli 2,400. Isome tena. Kilo 150 za mawe, zilizonivunja kiuno, zinaweza kutoa maji ya lita moja tu kutoka kwenye mukene.

Nilitaka kuyarudisha yalikotoka.

Maji yangefanya kazi ile ile kwa lita 30, jerikeni moja na nusu, lakini jerikeni ina tumbo nene na ngozi ndogo, joto linaingia polepole. Ningeweza kutumia chupa za nusu lita 60 zilizopakwa rangi nyeusi; bado naifikiria. Kisha kuna vitu vinavyoyeyuka. Kilo moja ya nta ya mishumaa inapoyeyuka inameza kama kilojuli 200 bila kupanda digrii, kwa hiyo kilo 12 au 13 zinafanya kazi ya mawe yangu yote. Nikanunua mishumaa, nikaikatakata, nikaijaza kwenye mikebe ya soda, nikaipanga kwenye njia ya hewa. Jioni nikafungua: imelegea kama ugali wa jana. Nta ile inataka digrii 55 na zaidi, hewa yangu ni 50. Haikuyeyuka, kwa hiyo haikumeza kitu. Na ingeyeyuka, bado ni mvivu wa kupitisha joto, tena inavimba na kupasua mkebe uliojaa. Mtu mmoja akanishauri moo yaa, yale mafuta ya mti wa shea kutoka kaskazini, lakini hayo yanayeyuka ukiyapaka mkononi. Yangekuwa maji kuanzia asubuhi, na jioni yangerudisha joto la kiganja. Sikuona aibu sana. Mwaka 1948 Maria Telkes aliweka chumvi inayoyeyuka kwa digrii 32 ndani ya nyumba ya jua huko Dover, Massachusetts, na baada ya majira machache ya baridi chumvi ikatengana ndani ya vyombo, ikaacha kufanya kazi. Yeye alikuwa mwanasayansi. Mimi ni mtu wa mageti.

Kilichoyaokoa mawe ni swali la shangazi. "Usiku mukene wanafanya nini humo ndani?" Nikajibu kwamba wanakaa. Akasema, "Wanakunywa." Kweli. Usiku wa masika hapa hewa ina unyevu wa asilimia 90, na mukene aliyekaribia kukauka anaivuta ndani yake. Asubuhi unamkuta amelainika, jua la kwanza linatumika kurudia kazi ya jana.

Hesabu ikawa nyingine kabisa. Usiku sihitaji kukausha, nahitaji wasinywe. Hewa ya digrii 20 yenye unyevu wa asilimia 90, ukiipasha digrii 7 tu, unyevu wake unashuka hadi kama 60. Na kupasha hewa kidogo digrii 7, mkondo mwembamba usiohitaji feni, kunataka kama wati 70. Mawe yale yale ambayo kwa fujo yanaisha kwa muda wa saa moja hivi, kwa ubahili yanafika alfajiri.

Tukayahamishia chini ya trei, tukaweka juu ya kabati bomba jeusi la bati la mita moja na nusu livute hewa lenyewe, na mlango wa bati wa kuteleza unaoamua hewa ya hita ipitie kwenye mawe au iende moja kwa moja kwa mukene. Ratiba ya masika ikawa hivi. Mukene wa leo wanaanzia nje kwenye vichanja kama kawaida, kwa sababu hakuna sanduku la mita 2 za mraba linaloshinda jua la bure juu ya uwanja mzima. Asubuhi hadi saa nne hita inawamalizia wale wa jana, moja kwa moja. Wakitoka, mlango unafunguliwa, mawe yanakula mpaka saa saba au nane. Wingu likitoka ziwani, mukene wa nje waliobakiza unyevu kidogo wanaingia ndani, na mawe yanawalinda usiku.

Kundi la kwanza lililopita hivyo liliingia kilo 12 wakati matone ya kwanza yanapiga kioo. Nililala kule kule Majanji. Saa moja asubuhi shangazi alifungua kabati, akachukua mukene mmoja, akamkunja kwa vidole viwili. Hakukatika, lakini hakupinda kama jana. Mukene mkavu anatoa sauti, tak, kama kijiti cha kiberiti. Saa nne alimkunja mwingine, nikaisikia nikiwa mlangoni. Tulipima: kilo 10 kasoro kidogo. Aliwaweka kwenye gunia la chakula cha watu bila kuniangalia, nami nikajua ameridhika, maana angekuwa hajaridhika ningesikia.

Kilo 12 ni chache, najua. Anapata kwa siku mara nyingi ya hizo, na sanduku linaokoa zile za mwisho tu, wengine bado wanafunikwa turubai. Ameagiza la pili. Nimemwambia anitafutie rodi zilizoloa.

Juzi usiku simu ikalia. "Panya!" Akakata.

Nilikuwa nimesahau kwamba magamba na vumbi la mukene hudondoka kwenye mawe, na mawe yenye uvuguvugu usiku kucha, yenye harufu ya samaki, ni hoteli. Asubuhi nilipanda boda boda na wavu wa chuma wa matundu ya milimita 6 umeviringishwa begani, na trei ya bati ya kukinga magamba, ambayo ilipaswa kuwepo tangu mwanzo. Kuyatoa mawe kilo 150, kuyaosha na kuyarudisha kulichukua siku nzima. Panya walikuwa watano.